Anti, mama mkwe kaisugua fraipani yangu kwa stilwaya na majivu, sasa ninunue nini?

Shikamoo Anti. Pole na majukumu. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na hapa nacheka mwenyewe maana wenzangu wanakuandikia mambo mazito, waume wamehama, mawifi wamefanya hivi na vile, mi nakuja na fraipani. Ila usinicheke kwanza, hii fraipani imeshaleta maneno ndani ya nyumba.

Iko hivi. Nina miaka 29, nimeolewa, watoto wawili, tunaishi Mbagala, tumepanga vyumba viwili na kibaraza ambacho ndo jiko langu. Kwenye kicheni pati yangu nilipewa fraipani ya nonstiki, nyeusi ndani nyekundu nje, nzuri mpaka nikawa naiogopa. Ile miezi ya mwanzo yai lilikuwa linateleza lenyewe kama limepakwa sabuni, mume wangu akawa anasimama mlangoni kuniangalia nikilirusha juu kuligeuza. Haikumaliza mwaka. Ikaanza kushika katikati, afu ikatoa kama vipele, afu ule weusi ukaanza kubanduka nikawa nauona kwenye yai vidoti vidoti kama pilipili manga. Nikanunua nyingine ya 18,000, ikafa. Nikanunua ya 22,000, nayo ikafa. Hii ya sasa nimeinunua Kariakoo mwezi wa pili kwa 25,000, muuzaji kaniapia kabisa dada hii orijino utazeeka nayo.

Sasa mama mkwe yuko kwetu, kaja toka Tanga kwa ajili ya kliniki ya macho. Mama wa watu mzuri sana sina ugomvi nae hata kidogo, ila hajui kukaa bure. Juzi natoka gengeni nakuta kakaa kwenye kigoda, fraipani iko mapajani, stilwaya mkononi na majivu kwenye kifuu pembeni, anasugua huku anaimba kaswida. Akaniambia mwanangu hiki chombo chako kilikuwa kimeshika masizi mpaka ndani, nimekihangaikia weee mpaka yametoka. Anti, yametoka kweli, inang'aa kama kioo. Nikasema ahsante mama, nikaingia ndani nikakaa kitandani kwanza.

Mume wangu jioni akacheka mpaka machozi. Ye ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, akasema si nilikwambia, hiyo ni rangi umepakiwa, vyombo ni chuma bana. Kila siku chuma chuma. Sa mi nikaona basi bora niamue moja. Kikoba chetu tunavunja mwezi ujao natarajia kupata kama 200,000. Nina shoga yangu anauza vyombo kwa mkopo, ananisumbua nichukue seti ya graniti vipande 12, keshi ni 280,000 ila kwa mkopo nalipa 70,000 kwa miezi 5, anasema graniti ni jiwe halibanduki milele. Afu kuna maduka nimeona sufuria za stenlesi nzito nzito, sufuria moja bei yake unashtuka. Na kwenye grupu letu la WhatsApp kuna voisi imetumwa inasema hizi nonstiki zote zinaleta kansa, hapo nikachanganyikiwa zaidi maana watoto wangu ndo wala mayai wakubwa.

Jiko langu ni la gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lake juu, na mkaa gesi ikiisha au nikichemsha maharage. Sipiki vitu vya ajabu, mayai, chapati (hizi napika kama 40 kila asubuhi nampelekea mama mmoja wa kibanda cha chai, ndo hela yangu ya kikoba), samaki wa kukaanga, mboga za kawaida. Anti nishauri, nichukue graniti, ninunue chuma, au niendelee kununua hizi za bei rahisi kila zikifa? Na mama mkwe nimwambieje bila kumuumiza?

Mama Zuu, Mbagala

Marahaba mwanangu, hujambo. Kwanza nimecheka, nisikudanganye, hiyo ya kaswida nimeisoma mara mbili. Ila nimekuelewa, na wala fraipani si jambo dogo, mi mwenyewe nimekaa kwenye mamalishe pale Ilala miaka 11, najua chombo kibaya kinavyoweza kumwaribia mtu siku nzima.

Sa ngoja nikwambie. Mama mkwe umemwandikia aya nzima, lakini jambo lenyewe umelificha kwenye mabano. Chapati 40 kila asubuhi! Mwanangu hizo fraipani hazikuuliwa na mama mkwe, ye alikuta maiti akaiosha.

Nonstiki haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wewe unajua chapati inataka nini, inataka moto wa nguvu na chombo kilichokolea, unatoa moja unatupia nyingine, na kati ya hapo fraipani iko kavu inaungua tu, ule unga uliodondoka unageuka mweusi, unaufuta na kitambaa, unaendelea. Zaidi ya saa nzima hivyo, kila siku. Ule weusi wa ndani ni aina ya plastiki, inaitwa Teflon kwa jina la biashara, na joto likishapita nyuzi kama 260 unaanza kuharibika. Fraipani nyembamba ikiwa tupu kwenye moto mkali inafika huko ndani ya dakika chache tu wala hutaona dalili. Kwenye mkaa ndo usiseme, mkaa hauna kitufe cha kupunguza.

Na hilo jiko lako la mtungi mdogo nalo limo kwenye kesi. Moto wake unatoka kwa mkupuo katikati, duara dogo hivi, pembeni kumepoa. Ichukue hiyo fraipani uiweke juu ya meza ya vioo au sakafu iliyonyooka uibonyeze pembeni, nakuhakikishia inacheza. Tumbo limepanda. Ndo maana ukimimina mafuta yanakimbilia pembeni kote katikati panabaki pakavu, na hapo hapo katikati ndo yai lilianza kushika kwenye ile ya kwanza, umeandika mwenyewe. Alumini nyembamba ikipata moto wa sehemu moja inajikunja, haina namna. Kwahiyo hata yule muuzaji wa Kariakoo angekuuzia ya 60,000, kwa chapati 40 ungezeeka wewe yenyewe ikiwa imeshaenda.

Hiyo Teflon yenyewe iligundulika kwa bahati tu, mwaka 1938 huko Marekani, mkemia mmoja Roy Plunkett alikuwa anatafuta gesi ya mafriji akakuta kwenye mtungi wake imeganda unga mweupe unaoteleza balaa. Ikaja kuingia kwenye fraipani miaka ya 1950 kwa Mfaransa mmoja, Marc Grégoire, ambaye alikuwa anaipaka kwenye vifaa vyake vya kuvulia samaki, mkewe ndo akamwambia we baba kwanini usinipakie kwenye vyombo vyangu? Mi hii stori naipenda kwasababu inaonyesha wazo lilitoka jikoni, la mwanamke anayekaanga mayai. Ni chombo cha mayai mwanangu. Mayai, chapati za maji, samaki laini anayemeguka, vitu vya moto mdogo. Kwa hayo hakuna kinachoishinda na nitakuwa mnafiki nikikwambia uitupe moja kwa moja.

Hiyo voisi ya kansa sasa. Wameichanganya kweli na uongo, kama kawaida ya magrupu. Kulikuwa na kemikali inaitwa PFOA iliyokuwa inatumika viwandani wakati wa kutengeneza hizi Teflon, hiyo ndo mbaya, mwaka 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO iliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Makampuni makubwa ya Marekani walikuwa wameshaiacha kufikia 2015, na 2019 ikaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa kuzuia kemikali za aina hiyo. Waliopata shida kubwa ni wafanyakazi wa vile viwanda na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa na viwanda, sio watu wa kula mayai. Vile vidoti vilivyoingia kwenye yai ukimeza vinapita tumboni vinatoka kama vilivyoingia, kwahiyo usikae macho usiku ukiwaza watoto. Ila fraipani isiyo na jina wala maandishi yoyote nyuma, sijui nani kaitengeneza na kaweka nini, hiyo mi siipikii watoto hata kwa elfu tano. Na ikishababuka usiipikie tena, basi.

Cha kuogopa zaidi ni moshi wake ukiiunguza. Unaleta homa kama mafua makali, baridi, kifua kinabana, na kama kuna kasuku au ndege wa kufugwa ndani anaweza kufa kabisa maana mapafu yao ni dhaifu sana. Muulize mumeo kuhusu ile homa mafundi wanayopata jioni wakishinda wanachomelea vyuma vilivyopakwa zinki, atakwambia, wengine wanakunywa maziwa wakidhani ni dawa. Basi hii ya Teflon ni kama ndugu yake.

Haya, shoga yako na graniti yake. Mwanangu hiyo sio jiwe. Hakuna jiwe pale. Ni alumini ile ile, imepakwa nonstiki ile ile au ile ya kauri (seramiki), ikanyunyiziwa madoadoa ya kijivu ifanane na jiwe. Hiyo ya kauri haina Teflon na inavumilia moto zaidi, lakini kuteleza kwake kunaisha haraka hata kuliko Teflon, nimeona za watu mwaka haujafika yai limeshika kama gundi. Zingine ni nene na nzuri kweli, siwezi kusema zote takataka, zile nzito hazijikunji na kwa wali na mchuzi zinakaa vizuri. Ila kusema halibanduki milele, hapo shoga yako anatafuta hela ya ada tu, na sio dhambi.

Na uhesabu nae vizuri. Vipande 12 ni nini? Muulize. Nyingi nilizoona ni sufuria 5, mifuniko 5 nayo inahesabiwa vipande, fraipani 1, na mwiko! Mwiko nao ni kipande. Kwahiyo vyombo vya kupikia ni 6. Keshi 280,000, mkopo 70,000 mara 5 ni 350,000, maana yake 70,000 unampa bure kwa kukusubiri. Na ndani ya hiyo seti unayoihitaji wewe ni fraipani tu, sufuria unazo. Hela ya kikoba itaisha kabla hujamaliza deni, na mwezi wa nne fraipani imeshaanza kushika kwa hizo chapati bado unadaiwa, hapo ndo urafiki unaanza kuwa mtamu. Mwambie shoga ahsante, mwambie mume amekataa. Ndo kazi mojawapo ya waume hiyo.

Sasa nikupeleke kwa mtu anayejua fraipani kuliko wote mjini, yule kijana wa chipsi mayai hapo kituoni kwenu. Umeshawahi kuangalia kikaango chake? Simama siku moja umwangalie. Ni chuma cheusi tii, hakina chapa wala hakina Teflon, mkono umefungwa na waya maana wa mwanzo ulishakatika. Anatupia chipsi, anamimina mayai mawili, moto unawaka mpaka unalamba pembeni, anatikisa mara mbili na lile yai lote linazunguka kama sahani, anafunika na sahani anageuza, linatoka zima. Usiku mzima, wateja mia. Kwanini halishiki? Kwasababu ule weusi wake sio masizi, ni mafuta. Mafuta yakipata moto kwenye chuma, tabaka jembamba jembamba juu ya jingine, yanakauka yanakuwa magumu kama vanishi na yanateleza. Hiyo ndo nonstiki ya bibi zetu. Chuma cha vitumbua cha mama mkwe wako huko Tanga (najua anacho, mwanamke gani wa Tanga hana) kina umri kuliko mumeo na vitumbua vinachomoka vyenyewe, na ukithubutu kukisugua kwa majivu atakufukuza. Hapo ndo pa kuanzia mazungumzo nae, nitarudi.

Kwahiyo kwa chapati unahitaji chuma, hapo mumeo kashinda. Ila tofauti kubwa kati ya hivi vyombo viwili mi naiona sio kudumu peke yake, ni kwamba nonstiki ukikosea mara moja umemaliza, hairudi, na chuma unaweza kukikosea kila siku. Kikipata kutu unakisugua, mama mkwe akikikwangua mpaka kikawa cheupe unakipaka mafuta unakiunguza upya, jioni kimerudi kazini. Kwenye nyumba yenye watoto, wageni na kila mtu anaosha vyombo kwa alivyofundishwa na mama yake, hicho ndo chombo chenye akili.

Ungetaka kununua, kuna zile za chuma cha kumwaga, nzito kama tofali, kwenye maduka ya Wahindi mjini utazikuta, bei imechangamka ila ni ya mara moja. Na kwenye mitumba ya vyombo wakati mwingine unakuta iliyojaa kutu inauzwa bei ya kutupa kwasababu muuzaji anadhani imekufa, hiyo chukua mbio. Angalia tu haina ufa.

Lakini mwanangu wewe una fundi wa kuchomelea kitandani!! Unaenda kununua chuma wapi? Mwambie bwana chuma-chuma akukatie duara la plati ya chuma cheusi cha kawaida, milimita 4, upana sentimita 30 hivi, itakuja kama kilo mbili na kidogo, achomelee mkono mrefu, asage pembe zote kwa grainda zisikate mtu. Mamalishe wengi ninaowajua wamechongewa hivyo hivyo. Masharti ni haya na umsomee, kisiwe chuma kilichopakwa zinki (ye anajua kwanini), kisiwe kimepakwa rangi, na asiokote kwenye chakavu ambacho hajui kilikuwa cha nini. Anunue plati mpya, kipande tu. Afu ule utando wa kijivu-bluu unaokuja na plati toka kiwandani autoe wote kwa grainda mpaka kimeremete, la sivyo mafuta hayatashika vizuri yatakuwa yanabanduka na utarudi kuniandikia.

Kukizoesha sasa, usiwe na haraka. Kioshe na sabuni siku hiyo ya kwanza, kikaushe juu ya moto mpaka maji yote yaondoke. Paka mafuta ya kula kidogo sana kote, na mgongoni pia, afu chukua kitambaa kikavu uyafute kama unajuta kwanini uliyapaka. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaacha mafuta mengi yanakuwa utomvu unaonata. Weka kwenye mkaa, mkaa ni mzuri kwa hili kuliko mtungi wako maana unapasha chini yote sawa, acha kitoe moshi mpaka moshi ukate wenyewe. Fanyia nje, kibarazani hapo mtalia. Poza, rudia mara tatu nne, utakiona kinatoka kahawia kinaenda weusi. Wiki za mwanzo pikia vitu vyenye mafuta, chapati zenyewe, vitunguu, viazi. Mayai bado, mayai yasubiri, ukiyaleta siku ya kwanza utakitukana chombo cha watu bure.

Baada ya hapo ukimaliza kupika kioshe kwa maji moto na dodoki, sabuni kidogo haiui wala usiogope, ila usikiloweke. Huku pwani na hii hewa ya chumvi ukikiacha na maji usiku mmoja asubuhi kina kutu kama meli ya zamani. Kaushe motoni, futa na mafuta, tundika. Na usipikie vitu vichachu kwa muda mrefu, mchuzi wa nyanya unaochemka, samaki wa ukwaju, ndimu, hizo zinakula ule weusi na chakula kinatoka na ladha ya msumari. Kuna chuma kidogo kinachoingia kwenye chakula, hicho hakina ubaya, kwa wengi wetu wenye damu ndogo ni faida, ila sio mbadala wa vidonge vya kliniki ukiandikiwa.

Stenlesi mi nazipenda sana ila kwako sio leo. Yenyewe haipitishi joto vizuri, alumini inaishinda mara 10 na zaidi, ndo maana ya bei rahisi iliyo nyembamba inaunguza maharage duara moja katikati huku pembeni hata hayajachemka, na kwa jiko lako la mtungi hilo duara utalichora kila siku. Nzuri ni ile yenye kitako kinene, ukiigeuza unaona kabisa sahani nene imebandikwa chini na ndani yake kuna alumini, na hiyo ndo ile uliyoshtuka bei. Inasuguliwa na stilwaya mpaka kesho, haili nyanya wala haili ukwaju, utamrithisha Zuu. Ukija kuinunua, nunua moja, sio seti, na kabla hujatia mafuta pasha kwanza mpaka tone la maji likidondoka linakimbia kama goroli, hapo ndo weka mafuta na samaki wako hatashika. Kabla ya hapo atashika na utasema Anti muongo.

Kwa sasa maharage endelea kuchemshia hizo sufuria zako za alumini, zile za kiwandani hazina neno ila mchuzi mchachu usilale humo. Zile zinazomwagwa mitaani kwa vyuma chakavu ndo kuwa nazo makini, watafiti walipima za nchi kadhaa zikiwemo za Afrika wakakuta baadhi zinaachia madini ya risasi kwenye chakula, na risasi kwa watoto sio mchezo.

Kwahiyo kwenye 200,000 yako, plati na kazi ya fundi tuseme inakuletea gharama ya plati tu, fundi utamlipa unavyojua. Nunua fraipani ndogo ya nonstiki, ndogo kabisa ya mayai mawili, iliyo nzito kidogo mkononi na yenye jina, ukijua wazi kwamba hiyo ni kama kandambili, itaisha, na sio msiba. Moto mdogo, mwiko wa mbao, dodoki tu, na isione chapati hata moja. Itundike chumbani kama inabidi. Hela inayobaki nunua unga na mafuta uongeze chapati ziwe 60, chuma hicho kitazimudu.

Mama mkwe usimwambie kakosea. Kwake sufuria isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, alikuwa anakusitiri wewe na aibu, na macho yenyewe ndo hayo yamemleta kliniki. Wewe kaa nae hapo kibarazani umuulize, mama hivi kile chuma chako cha vitumbua mlikizoeshaje kilipokuwa kipya? Halafu nyamaza. Utasikia ya tui la nazi, utasikia ya vitunguu na chumvi, utasikia nani alikiazima mwaka gani akakirudisha kimeshika kutu na hawakuongea tena. Akimaliza mletee hicho cha mwanae kikiwa bado cheupe umwambie mama naomba unisaidie hiki. Hatakigusa na majivu huyo, na ole wake mtu mwingine akiguse.

Chapati za kwanza tatu nne zitashika na zitachanika, zizoee. Hizo mpe fundi na chai, na asiseme kitu.